Siku Moja Kandokando ya Bwawa la Mindu

Mwalimu mmoja rafiki yetu alituuliza: Je, nyumba yenye watoto wengi na fedha kidogo yawezaje kutoka pamoja siku moja, wazee kwa watoto, ikarudi jioni na furaha, pasipo deni wala ugonjwa? Sisi tulilijaribu jambo hilo mwaka jana. Kwa kuwa lilitupa furaha na hofu pamoja, twaona yafaa tueleze yote, yaliyotufanikia na yale tuliyoyakosea, ili wengine wapate faida.

Sisi tu watu wa Mwembesongo, katika Manispaa ya Morogoro. Nyumba zetu zimekaribiana sana, na watoto hawana mahali pa kuchezea ila njiani, ambako bodaboda hupita mbio mchana kutwa. Tukiinua macho kuelekea kusini twaiona milima ya Uluguru, asubuhi imejifunika mawingu, jioni imegeuka rangi ya buluu. Na kilele chake kiitwacho Kimhandu chapita meta 2,600. Milima basi tunayo, kila mtu huiona bure. Bali ziwa hatuna, na shauri letu lote lilianza kwa ajili ya ziwa.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa ndugu yetu alikuja toka Mwanza kukaa kwetu wakati wa likizo. Kila jioni aliwasimulia wenzake habari za Ziwa Victoria: mwamba wa Bismarck uliosimama majini, upepo wa Capri Point, na mashua zinazovusha watu hata kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Watoto wetu wakasikiliza wala hawakusinzia. Hata usiku mmoja kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka 7, akasema, "Baba, na sisi twende ziwani." Mwanza ni mbali, na nauli ya watu tisa ingalimeza mshahara wote wa mwezi. Tukanyamaza, maana ni vigumu kumwambia mtoto hapana pasipo kumpa badala yake.

Kwa desturi za Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa nyumbani. Basi tukamwita mjomba, tukaketi uani baada ya chakula cha jioni, bibi yetu naye juu ya kigoda chake. Bibi akataka twende juu mlimani, kwenye vijito baridi vya utoto wake. Mama watoto akataka mahali pa karibu penye kivuli. Mjomba akacheka, akasema, "Ninyi mwatafuta ziwa, na ziwa mwalinywa kila siku, wala hamjapata kuliona uso wake." Tukamwuliza, "Ziwa gani hilo, mjomba?" Akajibu, "Mindu."

Ndipo tulipokumbuka. Bwawa la Mindu liko kilometa chache nje ya mji, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Lilijengwa kwa kuuzuia mto Ngerengere, nalo hupokea maji ya mito mingine ishukayo milimani, kama Mzinga na Mlali. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Manispaa yetu hutoka huko. Iliyobaki hutoka katika vijito vya mlimani. Na mto Ngerengere ukiisha kutoka bwawani hupita karibu na mji, huenda mashariki, hata hukutana na mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam huunywa nao. Kwa hiyo mtu atiaye uchafu Mindu hawaharibii watu wa Morogoro peke yao. Wahenga walisema kweli: mchuma janga hula na wa kwao.

Watoto wakapiga makofi. Lakini mama hakupiga. Alikuwa akimtazama mzaliwa wetu wa kwanza, ambaye sasa ni kijana mrefu. Miaka mingi nyuma, alipokuwa na umri wa miaka 9, kijana huyu alizoea kuoga dimbwini na wenzake, na siku moja akaja kutuambia kwa haya kwamba anakojoa damu. Ilikuwa kichocho. Alitibiwa akapona, lakini mama hajasahau. Akasema, "Nitakwenda, wala sitawazuia. Lakini nataka kwanza kila mtoto ajue sababu ya kukatazwa maji. Mtoto aliyekatazwa bila sababu hungoja tu mzazi ageuze uso."

Maneno hayo yalikuwa ya hekima, nasi tukawafundisha watoto, kila jioni kidogo kidogo. Walimu watakaosoma habari hii waweza kuyatumia kwa wanafunzi wao, nayo ni haya. Ugonjwa wa kichocho huletwa na mnyoo mdogo akaaye katika mishipa ya damu. Mwaka 1851 mganga Mjerumani, jina lake Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Cairo katika nchi ya Misri, ndiye aliyemgundua. Mtu mgonjwa akikojoa majini, mayai ya mnyoo huanguliwa humo, na vijidudu vitokavyo huingia katika konokono wadogo wa maji yaliyotulia penye majani. Humo huongezeka, kisha hutoka kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali, kama saa 4 hata saa 8 mchana. Vikimkuta mtu aliyesimama majini hupenya ngozi yake kwa dakika chache tu, wala yeye hasikii maumivu makubwa. Haidhuru kama amefumba mdomo asinywe. Mlango wao ni ngozi. Lakini vijidudu hivyo haviishi zaidi ya siku moja au mbili pasipo mtu wa kumwingia. Kwa hiyo maji yaliyotekwa yakawekwa katika pipa safi, lisilo na konokono, muda wa siku 2, hayana hatari hiyo. Dawa yake ipo, huitwa prazikwanteli. Hata hivyo aliyepona akirudi majini hushikwa tena.

Kitinda mimba akauliza, "Sasa tukifika ziwani tutafanya nini, kama hatuogi?" Swali hilo lilitushinda kidogo. Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, mlima huupandi kila siku, bali kila siku waufurahia. Na ziwa ni vivyo hivyo."

Basi tukapanga. Kwanza, siku. Wakati wa masika barabara za pembeni huwa tope, na mito hushuka kwa nguvu. Mwezi wa Julai masika imekwisha, bwawa bado lina maji mengi, na asubuhi ni baridi ya kupendeza. Tukachagua tarehe 7 Julai, sikukuu ya Saba Saba, kwa kuwa wazazi hawaendi kazini na watoto wamo katika likizo. Pili, fedha. Tulitoboa kopo la maziwa, na majuma 6 kila mmoja akatia alichoweza. Hata bibi akatia sarafu zake za kuuza ndizi. Tukaazimu kwamba hatutakopa hata shilingi moja: kopo likitosha, twaenda kwa daladala; lisipotosha, twangoja. Tatu, mahali. Kandokando ya bwawa si bustani ya mji yenye viti na malango. Ni chemchemi ya maji ya kunywa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu, na zile ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 toka ukingoni. Kwa hiyo mjomba alitangulia siku moja kabla, akawauliza wenyeji mahali panapokubaliwa watu kuketi, akachagua mti wa kivuli ulio mbali na ukingo, mahali pa juu ambapo mtu aona maji yote.

Nne, chakula. Mama na binti zetu walichemsha viazi vitamu na mayai, wakakaanga samaki, wakapika maandazi ya kutosha. Na toka sokoni tukapata machungwa na ndizi za Uluguru. Maji ya kunywa yalichemshwa usiku, yakatiwa katika madumu mawili. Tulichukua jamvi, kanga mbili za kujifunika, sabuni, na gunia tupu la kutilia takataka. Tano, kazi. Kila mtu alipewa yake: huyu madumu, huyu jamvi, huyu gunia, na kijana wetu mkubwa akapewa kazi ya kuwahesabu wadogo kila mara tunaposimama. Tulidhani tumemaliza yote. Mtaona mbele kwamba jambo moja lilikuwa limesahauliwa.

Asubuhi ya tarehe 7 tuliondoka kabla ya saa 1. Tukaenda kwa miguu hata Msamvu, penye kituo kikuu cha mabasi. Hapo mama aliwashika wadogo mikono kwa nguvu. Ni Msamvu ndipo lori la mafuta lilipopinduka tarehe 10 Agosti 2019, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Mtu wa Morogoro hapiti pale pasipo kukumbuka. Tukapanda daladala iendayo upande wa Mzumbe. Kushoto kwetu milima ya Uluguru ilikuwa ikifunguka polepole mawinguni, na bibi, aliyeketi dirishani, akawaonyesha wajukuu mashamba yaliyoning'inia juu ya miteremko.

Akawaambia, "Udongo ule mwekundu mwauona? Mvua ikinyesha hushuka mtoni, na mtoni huingia bwawani." Kisha akawasimulia habari za mwaka 1955, alipokuwa yeye mtoto mdogo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia udongo, na watu wakakataa, kukawa na ghasia huko Matombo. Mjomba akamwuliza, "Je, bibi, walikosea kukataa?" Bibi akafikiri, akasema, "Walichoshwa na kazi ya kulazimishwa pasipo kuulizwa, na chakula hawakukiona kuzidi. Lakini udongo haukungoja tumalize kugombana. Uliendelea kushuka." Daladala zima likawa kimya kidogo. Nasi tukaona kwamba neno lile ni sawasawa na neno la mama: amri pasipo maelezo haifiki mbali, kwa mtoto wala kwa mkulima.

Tukashuka, tukavuka barabara kwa uangalifu, maana malori ya Zambia hayana subira, tukaenda hata mtini petu. Hapo ndipo watoto walipoliona. Maji yametandazwa chini ya jua la asubuhi, meupe kama bati jipya, na milima imesimama nyuma yake. Mitumbwi miwili mitatu ya wavuvi ilikuwa mbali, na ndege wa miguu mirefu wakitembea penye matope. Mtoto wa Mwanza akasema kwa upole, "Si kubwa kama letu." Kitinda mimba akajibu upesi, "Lakini hili ni letu."

Saa zile za kwanza zilikuwa njema sana. Watoto walikimbia, wakacheza kombolela, wakajifunza majina ya ndege kwa mvuvi mmoja mzee aliyekuja kusalimu. Mzee yule akatuonya tusikae penye matete, maana mtu hajui kilichomo ndani. Mama akanunua kwake perege wawili wabichi wa kurudi nao nyumbani. Bibi alilala usingizi juu ya jamvi, jambo tusilopata kuliona mchana kwa miaka mingi.

Binti yetu wa pili, aliyekuwa na gunia, alizunguka akiokota. Akarudi na chupa za plastiki, mifuko, na vikopo vya rangi. Akasema, "Kule chini wapo watu wanaofua na kuosha pikipiki ukingoni. Ndiyo maji ya bomba letu hayo?" Mjomba akamwambia kwamba maji husafishwa na kutiwa dawa kabla ya kufika kwetu. Naye akauliza, "Dawa yatosha kwa kila kitu?" Hakuna aliyemjibu mara moja.

Hapo tukawaambia habari tuliyoisoma juu ya mji wa Chicago katika Marekani. Mji ule uko ukingoni mwa ziwa kubwa, na watu wake hunywa maji ya ziwa hilo hilo. Zamani mto wao ulichukua uchafu wote wa mji ukautia ziwani, na maradhi yakawaandama, hata mwaka 1900 wakafungua mfereji mkubwa uliougeuza mto usielekee ziwani tena. Tena watu wengine walitaka kujenga majumba ukingoni. Lakini mfanya biashara mmoja, Aaron Montgomery Ward, tangu mwaka 1890 akaenda mahakamani mara kwa mara, miaka 20, akitaka ardhi ile ibaki wazi kama ilivyoandikwa katika ramani ya mwaka 1836. Leo nyumba maskini na tajiri hutandika majamvi yao hapo pamoja. Binti yetu akafunga mdomo wa gunia lake, akasema, "Sisi hatuna mfereji. Tuna gunia."

Tukacheka, tukala. Chakula kilikuwa kitamu, kila mtu akashiba. Na hapa ndipo palipokuwa kosa letu. Kijana mkubwa alikuwa na kazi ya kuhesabu watoto tunaposimama, lakini wakati ule hatukusimama, tulikuwa tumeketi. Mama na binti walikuwa wakikusanya vyombo, mjomba akizungumza na mvuvi, sisi wengine tukisinzia kwa shibe. Hakuna aliyepewa kazi ya kuyatazama maji wakati wa kukusanya vyombo. Bibi alipoamka ndiye aliyeuliza, "Mdogo yuko wapi?"

Wasomaji, hatuna maneno ya kueleza dakika zile. Tuliita jina lake, tukasikia upepo tu. Mjomba akakimbia upande huu, kijana upande huu. Mama hakukimbia, alisimama akiyatazama maji, mikono kichwani. Ni kijana mkubwa aliyemwona, nyuma ya kichaka, karibu na watoto wawili wa wavuvi. Alikuwa amesimama majini hata magotini, viatu mkononi, akitazama vidole vyake kupitia maji. Ilikuwa yapata saa 7 mchana, jua kali.

Kijana akamtoa, akamfuta kwa kanga, akamwosha kwa maji ya dumu na sabuni. Mtoto akalia, akasema, "Nilitaka kujua tu kama ni baridi." Mmoja wetu aliinua mkono ampige. Bibi akaushika mkono ule, akasema, "Mtoto amekosa mara moja. Ninyi wazee nane mmekosa nyote pamoja. Nani atatangulia kupigwa?" Tukauteremsha mkono. Kijana mkubwa akaketi karibu na mdogo wake, akamweleza mwenyewe, pasipo kuficha, jinsi alivyoumwa zamani, damu, maumivu, na haya aliyoona mbele ya wenzake. Tulikuwa tumefundisha jioni nyingi, lakini maneno ya ndugu yake dakika tano yaliingia ndani zaidi kuliko yetu yote.

Tulirudi saa 10, gunia limejaa, kopo likiwa na shilingi kidogo zilizobaki. Jioni ile ile tuliandika tarehe katika daftari la nyumbani. Mganga wa zahanati alituambia kwamba kupima siku ile hakufai, kwa maana mnyoo huhitaji majuma mengi kabla ya kutaga mayai. Tumrudishe mtoto mwezi wa tatu, au mapema akiona homa au damu katika mkojo. Tukangoja Julai, Agosti, Septemba. Mama alihesabu siku kimya kimya. Mwezi wa Oktoba tukampeleka, mkojo ukapimwa, mayai hayakuonekana. Tukamshukuru Mungu, tukarudi nyumbani kwa miguu, wala hapana aliyesema neno mpaka Msamvu.

Basi ninyi wenye nyumba, na ninyi walimu wenye wanafunzi, mkitaka kutoka siku moja kandokando ya maji, fanyeni hivi. Chagueni siku ya kiangazi. Tumieni fedha mliyo nayo, si ya kukopa. Mmoja atangulie kupaona mahali na kuwauliza wenyeji. Wafundisheni watoto sababu kabla ya kuwapa sheria. Chukueni maji yenu na gunia lenu. Na juu ya hayo yote, awepo mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine ila kuyatazama maji na watoto, naye apokewe kwa zamu, hasa baada ya kula. Tukienda tena mwaka huu, bibi amekwisha kujitwalia zamu ya kwanza. Asema usingizi ameusamehe.

Usiku wa siku ile, kabla ya kulala, kitinda mimba alikwenda bombani uani, akakinga kikombe, akakitazama muda mrefu. Tukamwuliza, "Watafuta nini?" Akasema, "Nayaangalia kama ndiyo yale yale." Kisha akalifunga bomba vizuri, hata lisidondoshe tone, jambo ambalo tulikuwa tumemwambia mwaka mzima asisikie.

Ndisi wenzenu wa Mwembesongo.